Vyumba 130 vya Marrakesh: Historia ya Dahalia Moja na Funzo Lake Kwetu



 Leo tunaweka pembeni hina, udi na gharama za ukumbi, tukae kitako tusimuliane historia ya jengo. Si kasri wala si nyumba ya sultani. Ni dahalia, yaani mahali walipolala wanafunzi.

Kwa nini dahalia? Tunaye mwenzetu mmoja, sasa ni mama wa watoto watatu, aliyepata nafasi ya kusoma chuo bara. Matokeo yake yalikuwa mazuri, ada ilipatikana kwa kuchangiwa na ndugu, na hata mchumba wake aliridhia asubiri. Kilichokosekana ni kitanda. Nafasi za dahalia zilijaa, chumba cha kupanga kilikuwa mbali, na baba yake hakuweza kupata usingizi akijua binti yake anarudi magharibi kwa daladala katika mji asiomjua mtu. Akaitwa nyumbani, na masomo yakaishia hapo. Hatusemi alipata hasara katika ndoa yake, Alhamdulillah ana nyumba yenye kheri. Lakini kila anapotusimulia hutaja neno lile lile: "Nilikosa chumba tu."

Lugha yetu nayo ina jambo la kuzingatia hapa. Chuo ni pale mtoto anapoanzia alifu, na chuo ni pale mkubwa anaposomea shahada. Lakini bibi zetu wakisema fulani ni mke wa chuo cha kwanza, walikuwa wanazungumzia ndoa. Neno moja limebeba masomo na ndoa, kama kwamba waliotangulia walijua kuwa mambo mawili haya yanaweza kukaa nyumba moja.

Basi twendeni Moroko, mji wa Marrakesh, tuione Madrasa ya Ben Youssef.

Wanafunzi walilala wapi?

Katika zama za mwanzo za Uislamu elimu ilikaa msikitini. Sheikh aliegemea nguzo, wanafunzi wakamzunguka duara, darsa likaendelea. Tatizo lilikuja usiku. Mwanafunzi aliyetoka safari ya mwezi mzima kutafuta elimu alihitaji pa kuweka kichwa, pa kuwekea vitabu, na chakula cha kumfanya asirudi kwao kabla hajamaliza.

Jawabu lilikuwa madrasa. Mojawapo ya zile zilizovuma sana ni Nizamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067 na waziri Nizam al-Mulk. Hapo ndipo Imam al-Ghazali alipokuja kusomesha mwaka 1091. Mtindo huo ulienea magharibi mpaka Moroko, ambako watawala wa ukoo wa Marini walijenga madrasa ya Saffarin mjini Fez mwaka 1271, kisha Attarin, iliyokamilika mwaka 1325, na Bou Inania katika miaka ya 1350.

Tuelewane kuhusu neno hili. Kwetu visiwani tukisema madrasa tunafikiria watoto na mashuka meupe ya kichwani, wanakwenda alasiri wakirudi magharibi. Moroko ya zamani ilikuwa tofauti. Masomo makubwa yalisomeshwa katika msikiti mkuu wa mji, na madrasa iliyojengwa jirani ilikuwa hasa makaazi ya wanafunzi, pamoja na ukumbi wa kuswalia na pa kudurusu. Kwa hiyo tunapoiita Ben Youssef dahalia hatuishushi hadhi. Ndiyo kazi iliyojengewa.

Jengo na jina lake

Jina limetoka kwenye msikiti wa jirani, uliojengwa na Ali ibn Yusuf, sultani wa ukoo wa Murabitun aliyetawala kuanzia 1106 hadi 1143. Wanahistoria wanasema madrasa ya kwanza ya mtaa huo iliasisiwa katika karne ya 14 na Sultani Abu al-Hasan wa Marini. Lakini jengo linaloonekana leo ni la Sultani Abdallah al-Ghalib wa ukoo wa Saadi, aliyetawala 1557 hadi 1574. Maandishi yaliyochongwa ndani yanataja jina lake na mwaka wa 972 Hijria, sawa na 1564 au 1565 Miladia.

Ukiingia unapita ukumbi mwembamba wenye giza, halafu ghafla unatokea kwenye ua mkubwa wenye mwanga. Katikati pana birika la maji. Sehemu ya chini ya kuta imefunikwa vigae vidogo vya rangi vilivyokatwa kwa mkono na kupangwa kama nyota. Juu yake ni lipu nyeupe iliyochongwa maua na maandishi, na juu zaidi ni mbao za mwerezi zilizotiwa nakshi. Mwisho wa ua, mbele yako, ni ukumbi wa swala wenye mihrabu. Anayejua milango yetu ya Mji Mkongwe atatambua mkono wa fundi aliyefanya kazi bila haraka.

Lakini hapo ni uani. Panda ngazi uvione vyumba.

Vyumba ni takriban 130, vimegawanyika ghorofa mbili. Vichache tu vina dirisha la kutazama ua mkubwa. Vingi vimepangwa kuzunguka viua vidogo vidogo vya kuingizia hewa na mwanga. Chumba chenyewe ni kidogo, unatandika godoro na nafasi inayobaki haitoshi hata kabati ya biharusi. Kuta ni nyeupe, hazina vigae wala nakshi wala pambo lolote. Inatajwa kwamba wakati wa shida ya nafasi waliishi humo wanafunzi 800 na zaidi. Gawanyeni wenyewe muone ni wangapi kila chumba.

Tunapenda sana tofauti hiyo ya ua na chumba. Uzuri wote uliwekwa mahali pa watu wote, penye maji, penye swala na penye mazungumzo. Chumbani kila mmoja alipewa alichohitaji tu: mlango wake, ukuta wa kuegemea na mwanga wa kusomea. Hakuna aliyemzidi mwenzake kwa pambo la ukuta.

Mkate na darsa la usiku

Waliokaa humo walikuwa nani? Wengi walikuwa vijana wa vijijini na milimani, wana wa watu wa kawaida. Mtoto wa mji alirudi kwao jioni akala kwa mama yake. Dahalia ilikuwa ya yule asiye na jamaa Marrakesh. Walikuja wakiwa tayari wamehifadhi Qur-ani, kisha wakasoma lugha ya Kiarabu, fiqhi ya madhehebu ya Maliki, tafsiri na elimu nyenginezo.

Hawakulipa kodi ya chumba. Mapato ya wakfu yalitoa pia mkate wa kila siku kwa wanafunzi. Mkate peke yake haushibishi, kwa hiyo kijana alitegemea unga, mafuta au matunda makavu aliyoletewa kutoka kwao, akapika chumbani kwa kijiko chake mwenyewe. Wenyeji wa mji nao walisaidia. Palipokuwa na khitma au shughuli, wanafunzi waliitwa wasome Qur-ani, wakala na wakapewa chochote. Hapo hatuhitaji kuelezwa sana, maana nasi tunajua sinia la pilau linavyopelekwa kwa wanafunzi wa chuo.

Na usiku je? Waliosoma katika vyuo vya namna hii wamesimulia kwamba darsa la mchana lilikuwa nusu ya masomo. Mbele ya sheikh mwanafunzi alikaa kimya kwa adabu na haikuwa kawaida kuuliza sana. Maswali yalikuja usiku, chumbani. Aliyefahamu alimrudia asiyefahamu, aliyeghafilika alikumbushwa, na vijana walijikusanya wakasoma vitabu ambavyo havikuwa katika darsa rasmi. Kijana aliyelala mbali na wenzake alikosa nusu hiyo ya pili. Ndiyo maana chumba kilikuwa sehemu ya elimu yenyewe.

Walikuwa na furaha zao pia. Mjini Fez, kila msimu wa machipuo, wanafunzi walimchagua mwenzao mmoja akawa "sultani" wa siku chache. Alivikwa, akapandishwa farasi, wakatoka nje ya mji kupiga kambi, wakala na kufanya mzaha, na sultani wa kweli aliliheshimu jambo hilo. Vijana ni vijana, hata wakiwa wanasoma fiqhi.

Nani aliyelipa?

Hapa ndipo historia inapotugusa sisi wanawake.

Dahalia kama hii haiendeshwi kwa ada. Iliendeshwa kwa wakfu: mtu anafunga mali yake, duka, shamba, kinu au nyumba, isiuzwe wala isirithiwe, na mapato yake yaende kwenye kheri aliyoitaja. Duka lililopo sokoni linamnunulia mkate kijana ambaye mwenye duka hatamuona kamwe. Mwenye duka anakufa, mkate unaendelea. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba sadaka yenye kuendelea haikatiki kwa kifo cha mwenye kuitoa, na wakfu ni mfano wake ulio wazi.

Mlango huo wa kheri haukufungwa kwa wanawake, kwa sababu sheria yetu ilimpa mwanamke mali yake mwenyewe: mahari yake, urithi wake na faida ya biashara yake.

Mjini Fez, riwaya mashuhuri inaueleza Msikiti wa Qarawiyyin kuwa uliasisiwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri kwa mali aliyoirithi. Madrasa za Saffarin na Attarin zilijengwa baadaye karibu na msikiti huo, kwa ajili ya wanafunzi wake.

Na Marrakesh yenyewe yupo Bibi Masuda, au Lalla Masuda kama wanavyomuita wenyewe, maana "Lalla" kwao ni heshima kama "Bibi" kwetu. Alikuwa mke wa Sultani Muhammad al-Shaykh, na kwa hiyo mama wa kambo wa yule Abdallah al-Ghalib aliyejenga Ben Youssef. Mwanawe wa kumzaa ni Ahmad al-Mansur, aliyeshika utawala mwaka 1578 baada ya vita vya Wadi al-Makhazin, ambapo jeshi la Wareno lilishindwa na mfalme wao kuuawa. Ni Wareno hao hao waliokuwa wakiisumbua Mombasa na visiwa vyetu zama hizo.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1550, Bibi Masuda alijenga mtaa wa Bab Doukkala msikiti pamoja na madrasa, hamamu na mahali pa maji kwa wapita njia, akaweka na wakfu wa kuviendesha. Kwa hamamu, wakaazi wa Unguja wakumbuke ile ya Hamamni. Ina maana kwamba katika miaka ile ile mtoto wa kambo alipokuwa akijenga dahalia kubwa upande mmoja wa mji, mama yake wa kambo alikuwa akijenga ya kwake upande mwengine. Alifariki mwaka 1591.

Watu wa Marrakesh wana hadithi yao juu yake. Wanasema alipokuwa mjamzito, hamu ilimshinda akala matunda mchana wa Ramadhani, akajuta sana, na majengo yale yakawa kafara yake. Hiyo ni hadithi ya mitaani, na mjamzito ana ruhusa zake katika sheria, muulizeni sheikh wenu. Lakini tunaipenda kwa sababu moja. Watu waliliona jengo kubwa, wakataka kumuona ndani yake mwanamke wa kweli, mwenye mimba na hamu na majuto, kama sisi.

Na tusidhani hayo ni ya Moroko tu. Hapa Zanzibar nako wapo wanawake walioweka wakfu nyumba na mashamba yao, wengine si matajiri hata kidogo. Huenda ukapita kila siku mbele ya nyumba iliyowekwa wakfu na bibi wa bibi yako, wewe hujui.

Na wasichana je?

Tuseme ukweli, kwa sababu historia nzuri haifichi. Katika vyumba vile 130 hapakuwa na kimoja cha msichana. Wanawake walitoa mali, walipika, waliwafungia watoto wao wa kiume vifurushi vya safari, wakabaki kijijini wakisubiri habari.

Si kwamba wanawake wa Kiislamu hawakusoma. Walikuwepo wanawake wapokezi wa hadithi na wenye ijaza, ambao hata wanaume walikwenda kusoma kwao. Lakini wengi walisomea nyumbani, kwa baba, kaka, mume au shangazi. Aliyezaliwa katika nyumba ya elimu alipata, na mtoto wa mkulima wa milimani, ambaye kaka yake alipewa chumba Ben Youssef, yeye hakuwa na pa kwenda. Kilichomzuia hakikuwa akili wala dini. Hapakuwa na mahali pa kulala palipo salama, penye heshima, ambapo wazazi wake wangemkabidhi wakarudi nyumbani na roho zao zimetulia.

Mabadiliko yalipokuja yalidaiwa na wanawake wa Kiislamu wenyewe. Malika al-Fassi, mtoto wa ukoo wa wanazuoni wa Fez, aliandika magazetini tangu akiwa msichana juu ya haki ya wasichana kusoma. Ndiye mwanamke pekee aliyetia saini Ilani ya Uhuru wa Moroko ya tarehe 11 Januari 1944, na alipigania wasichana wafunguliwe mlango wa Qarawiyyin. Zaidi ya miaka 1,000 baada ya zama za Fatima al-Fihri, mabinti wakaingia kusoma katika chuo ambacho riwaya inasema kilianzishwa na mwanamke.

Mlango unafungwa, mlango unafunguliwa

Ben Youssef iliendelea kulaza wanafunzi kwa karibu karne nne. Utawala wa Kifaransa ulioanza mwaka 1912 ulileta skuli za mtindo mpya, na polepole kazi za serikali zikaenda kwa waliosoma huko. Mwaka 1960, miaka minne baada ya uhuru, dahalia ilifungwa. Ilitengenezwa, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1982. Ilifungwa tena mwaka 2018 kwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa mwaka 2022.

Leo watalii wanapiga picha uani, pazuri kweli. Wengine hupanda juu, wakachungulia chumba kimoja au viwili na kushuka, maana hapana cha kupiga picha mle. Ukuta mweupe, mlango mdogo, basi. Lakini aliyewahi kukosa chumba, kama mwenzetu yule, angesimama mlangoni hapo muda mrefu kuliko kwenye vigae.

Sisi na chumba chetu

Dada zetu, tumesimulia haya tukiwa na jambo moyoni. Msimu wa harusi umekaribia. Mabiharusi wengi wetu siku hizi ni wanafunzi au wamemaliza juzi. Tunaomba mambo matatu yazingatiwe.

La kwanza, wewe uliyeposwa ukiwa bado masomoni. Zungumza mapema na mchumba wako na walii wako juu ya kumaliza, na msiishie kwenye "ataendelea kusoma inshaallah". Ulizeni utalala wapi, utasafiri vipi na nani atalipa. Ahadi isiyo na chumba huvunjika bila ya mtu yeyote kukusudia kuivunja.

La pili, wazazi. Hofu yenu si ujinga, na hatuwacheki. Baba wa mwenzetu hakuwa adui wa elimu. Alikuwa mzazi asiye na pa kumuweka mwanawe. Basi hofu hiyo tuigeuze kazi: twende tukaione dahalia, tumjue msimamizi wake, tuwatafute jamaa waliopo mji huo, tuwaunganishe mabinti wanaokwenda chuo kimoja wakae pamoja.

La tatu ni letu sote. Sisi kikundi chetu tumekubaliana kwamba katika kila harusi tutakayoshughulikia msimu huu, tutapunguza kitu kimoja cha fahari, iwe safu ya maua au sare ya tatu, na pesa zake tutaziweka kwa ajili ya kodi ya chumba cha binti mmoja aliyekosa dahalia. Hiyo ni sadaka ya kawaida, wakfu una masharti yake. Mwenye nyumba au shamba akitaka kufika daraja hiyo, masheikh wapo na Kamisheni ya Wakfu ipo, aende akaulize.

Bibi Masuda hakuwajua waliokunywa maji yake. Nasi huenda tusimjue binti atakayefunga mlango wa chumba hicho usiku, akawasha taa, akafungua kitabu. Inatosha kuwa mlango upo na funguo anao yeye.

Allah awape mabiharusi wetu ndoa zenye mapenzi na huruma, awape mabinti zetu elimu yenye manufaa, na awarehemu wote waliotujengea pa kusomea na pa kulala. Amin.